Yai la chokoleti halisi linawezekana Dar, joto lisikutishe

Kila mwaka Kwaresma ikishaingia naanza kupokea meseji za aina moja, "dada mwaka huu unatengeneza tena yale mayai?", na kila mwaka hakosekani mtu, mara nyingi mwokaji mwenzangu, wa kunishauri kwa roho nzuri kabisa niachane na chokoleti halisi nitumie kompaundi, kwasababu hili jiji ni joto, yai litayeyuka kabla halijafika Mbagala, na wateja wenyewe wala hawajui tofauti. Leo nataka niliongelee hili kwa kirefu maana naliamini kwa moyo wote. Chokoleti halisi, ile yenye siagi ya kakao, inawezekana Dar es Salaam, hata mwezi wa nne masika ikiwa imekolea, na yai la Pasaka lililojazwa na kupambwa kwa mkono ndo mahali pazuri pa kulionyesha hilo. Na wateja wanajua tofauti. Mtu anaweza asijue kuielezea ila muangalie anavyokula, utaiona usoni.

Kompaundi kwa asiyeijua ni unga wa kakao na sukari vilivyochanganywa na mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya kiini cha mawese, badala ya siagi ya kakao yenyewe. Ni rahisi, unaiyeyusha, unaimimina, inaganda bila kuombwa, na joto inalivumilia. Siisemi vibaya, keki nyingi za bethdei mjini zimepambwa nayo na zinapendeza. Lakini yai la chokoleti ni chokoleti tupu, halina keki ya kulibeba wala krimu ya kulificha, kwahiyo kila kitu kipo wazi mdomoni. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mdomo wako una 37, ndo maana chokoleti halisi ukiiweka ulimini inaondoka yenyewe taratibu na ladha inabaki. Mafuta ya kompaundi nyingi yametengenezwa makusudi yachelewe kuyeyuka, kwahiyo yanaacha utando juu ya kaakaa na ladha ya kakao inakwama humo. Ukiwa dukani geuza pakiti usome nyuma. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinaitwa Codex, vinataka chokoleti nyeusi iwe na kakao isiyopungua asilimia 35 na ndani ya hapo siagi ya kakao isipungue 18, na chokoleti nyeupe siagi isipungue 20. Ukikuta siagi ya kakao haijaandikwa kabisa na kuna mafuta ya mawese, hiyo ni kompaundi hata kama picha ya mbele inavutia vipi.

Tena yai la chokoleti lenyewe limezaliwa kwasababu ya hiyo siagi. Mwaka 1828 kule Uholanzi, familia ya Van Houten ilipata hati miliki ya mashine ya kuikamua kakao ili siagi itoke pembeni na unga ubaki pembeni, kabla ya hapo chokoleti ilikuwa zaidi kitu cha kunywa. Siagi ikapatikana peke yake, na mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ikairudisha kwenye kakao na sukari, ikapata chokoleti laini ya kumimina kwenye moldi, yani kalibu ya kuipa umbo. Haohao Fry mwaka 1873 wakatoa yai la kwanza la chokoleti lenye uwazi ndani huko Uingereza, Cadbury wakafuata 1875. Na mayai yale ya mwanzo ya Cadbury yalikuwa chokoleti nyeusi, ndani yamejazwa lozi zilizopakwa sukari, mengine juu yamepambwa kwa mkono, michirizi ya chokoleti na maua ya lozi iliyosagwa na sukari. Yani kujaza na kupamba kwa mkono hakujaletwa na Instagram, ni kazi ya tangu mwanzo kabisa.

Mayai ya kawaida, ya kuku, yana historia ndefu zaidi. Zamani kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresma, lakini kuku hawajui mfungo, wanaendelea kutaga, kwahiyo Pasaka ikifika nyumba imejaa mayai, watu wanayachemsha na kuyatia rangi, na Waorthodoksi mpaka leo wanayatia rangi nyekundu. Kwetu hapa Pasaka ni Ijumaa Kuu kimya, mkesha na mishumaa, nguo mpya, pilau, kuku, alafu Jumatatu familia nzima Coco Beach. Yai halikuwemo. Na mi hilo nalipenda, maana hakuna bibi wala babu aliyeniambia yai la chokoleti lazima liweje, hamna sheria ya sungura na maua ya rangi ya pinki. Tuna uhuru wa kuliweka letu.

Na kakao ni yetu. Nina shangazi yangu Kyela, na shamba lake ni kama mashamba mengi ya kule, mikakao chini ya migomba, kijani mpaka giza. Maganda yakiiva yanapasuliwa, ndani mbegu zimevikwa ute mweupe mtamu wenye uchachu flani ambao watoto wanaunyonya, alafu mbegu zinavundikwa kwenye masanduku ya mbao zikifunikwa na majani ya migomba, siku tano mpaka saba, zikigeuzwageuzwa. Huo uvundikaji ndo unaotengeneza ladha ya chokoleti, usipofanyika vizuri hakuna kiwanda duniani kitakachoirudisha. Shangazi anachukua mbegu iliyokauka anaikata katikati kwa kisu, ikiwa kahawia na imejaa nyufanyufa ndani anatikisa kichwa kuridhika, ikiwa zambarau au kijivu iliyoshikana anaitupa pembeni na kuniambia, "Hii mwanangu haijavundika, itakuwa chungu tu." Kakao nyingi ya kule inauzwa kwenye minada ya stakabadhi ghalani na inaondoka nchini ikiwa mbegu kavu. Wiki Kuu ya mwaka 2024 ndo bei ya kakao New York ilipopita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, baada ya mavuno kuharibika Ivory Coast na Ghana, na wakulima wa Kyela nao wakaiona bei ambayo hawajawahi kuiona. Wiki hiyohiyo mi nilikuwa nimeinamia mayai. Kwahiyo mtu akiniambia watu wa nchi inayolima kakao waridhike na chokoleti isiyo na siagi ya kakao, siwezi kukubali, sio kwa ubishi, ila kwasababu nimeshika ile mbegu.

Haya, tuje kwenye joto, maana hapo ndo kazi yenyewe ilipo.

Siagi ya kakao ikiganda inajipanga kwa fuwele, yani chembe ndogo zilizoshikana kwa mpangilio maalum, za aina sita, na katika hizo sita ni moja tu, ya tano, inayotupa chokoleti inayong'aa, inayokatika kwa mlio, inayoachia moldi yenyewe na isiyoyeyuka ukiishika kidogo. Nyingine zinaganda laini, zinapauka, zinashika vidole. Kutempa chokoleti ni kuilazimisha ijipange kwa ile ya tano, na hiyo inafanyika kwa joto tu. Chokoleti nyeusi unaiyeyusha mpaka nyuzi 45 au 50 ili fuwele zote za zamani zife, unaishusha mpaka 27 au 28 huku unakoroga, alafu unaipandisha kidogo mpaka 31 au 32 na hapo ndo unafanya kazi. Ya maziwa unafanyia kazi kwenye 29 mpaka 30, nyeupe 28 mpaka 29. Mi natumia njia ya kupandikiza, yani robo ya chokoleti naiacha pembeni imekatwakatwa, hii haijayeyushwa kwahiyo ina fuwele nzuri tayari, nikishayeyusha ile nyingine naimwagia humo kidogokidogo na kukoroga mpaka inashuka. Kipimajoto ni lazima. Ukiwa na cha kuchoma ndani ni kizuri zaidi kuliko kile cha kumulika kwa taa, maana cha taa kinasoma juu tu na chini ya bakuli kunaweza kuwa na joto tofauti kabisa.

Sasa angalia hizo namba alafu angalia Dar. Mwezi wa nne mchana jikoni kwa mtu wa kawaida, jiko limewashwa, kuna nyuzi 31 au 32. Hiyo ndo joto la kufanyia kazi chokoleti nyeusi! Yani jikoni kwetu mchana chokoleti iliyotempwa itakaa kimiminika siku nzima, haitaganda, utasubiri mpaka uchoke. Watu wengi wanaishia hapo na kusema imeshindikana. Lakini ukiamka saa tisa au saa kumi usiku, masika, mvua imenyesha, madirisha wazi, unakuta nyuzi 24 au 25, na hilo ni joto la kutosha kufanya kazi ya kutempa na kumimina bila hofu. Kwa hiyo mayai yangu ni kazi ya alfajiri. Naanza wakati mtaa umelala na adhana ya alfajiri inanikuta nimeshamwaga duru ya kwanza, na jua likianza kuchoma juu ya bati nafunga kazi ya chokoleti, nahamia kwenye kazi za mchana, kuchoma korosho, kuchemsha pasheni, kukata riboni.

Kugandisha ni jambo jingine na hapo 24 haitoshi, inahitajika 18 mpaka 20. Jikoni kwangu hakuna AC, ipo chumbani, kwahiyo wiki ya mwisho ya Kwaresma meza inahamia chumbani na kitanda kinasogezwa ukutani, familia yangu imeshazoea. AC ina faida ya pili ambayo ni kubwa kuliko ubaridi, inakausha hewa. Unyevu ndo adui ambaye watu hawamuoni. Hewa ya Dar wakati wa masika imebeba maji mengi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 24 hivi kikikaa wazi kinatoka jasho, unaliona kwenye chupa ya soda. Yai likitoka frijini nalo linatoka jasho hilohilo, maji yanayeyusha sukari ya juu, yakikauka sukari inabaki na madoa meupe ya chengachenga, na mng'ao wote umekwisha. Madoa mengine meupe, yale laini yanayofutika kwa kidole, hayo ni siagi imepanda juu kwasababu ya joto au kutempa vibaya. Ya kwanza ni maji, ya pili ni joto, dawa zake ni tofauti kwahiyo jua unapigana na nani.

Kama huna AC usikate tamaa, friji inasaidia ila kwa heshima yake. Unaweka moldi ndani ya kontena lenye mfuniko unaobana, dakika 10 mpaka 15, sio zaidi, alafu unatoa kontena zima bila kulifungua na unaliacha mezani mpaka lifikie joto la chumba. Jasho litatoka nje ya kontena, yai ndani linabaki kavu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, usihangaike, funika, subiri, yeyusha upya, tempa upya, chokoleti haijaharibika. Kitu kinachoiua ni tone la maji. Tone moja tu kwenye bakuli na yote inashikana inakuwa uji mgumu, ndo maana mi siyeyushi juu ya sufuria ya maji yanayotokota, nazima moto kwanza, au natumia maikrowevu nguvu nusu, sekunde thelathini, koroga, thelathini tena.

Moldi nazotumia ni zile ngumu za polikaboneti, nusu mbili za yai. Kabla ya chochote nazisugua kwa pamba kavu mpaka ziwe kioo, kwasababu yai litang'aa kiasi kilekile moldi inavyong'aa, alama ya kidole ndani ya moldi inatokea kwenye yai kama ilivyo. Nusu inajazwa chokoleti, inagongwagongwa mezani mapovu yatoke, inapinduliwa juu ya bakuli ziada imwagike, kingo zinakwanguliwa. Nafanya mara mbili ili ganda lifike milimita tatu hivi, na yai la urefu wa sentimita 12 linakula gramu 100 na zaidi kidogo. Ganda jembamba kuliko hapo kwa Dar sikushauri, linakuwa zuri mezani kwako alafu linalegea kwenye bajaji.

Lakini nimeruka mapambo, na mapambo mengine yanaanza kabla hata ya kumimina.

Rangi unayopaka ndani ya moldi ndo inayokuja kutokea nje ya yai, inang'aa kama imepakwa vanishi. Ni siagi ya kakao iliyoyeyushwa na kutiwa rangi ya unga inayokubali mafuta. Kariakoo rangi za chakula zimejaa ila nyingi ni za maji na hizo kwenye chokoleti hazifai, zitaishikanisha palepale, kwahiyo muulize muuzaji vizuri, na akisema "zote sawa tu dada" nenda duka la pili. Kupaka ndani ya moldi kunataka ufikirie kinyumenyume. Kitu cha mbele kabisa unakichora kwanza, rangi ya nyuma unaipaka mwisho. Ukitaka ua jeupe lenye kitovu cha njano juu ya bluu, unaanza na kitovu, kisha petali, kisha bluu, na kila tabaka liwe limeshaganda kabla ya linalofuata. Na maandishi unayaandika yakiangalia upande wa pili. Inachukua muda kuizoea akilini, ila siku ukigonga moldi na nusu ya yai ikadondoka mkononi na picha imetoka kamili, hiyo furaha sijaipata kwenye kazi nyingine yoyote ya jikoni.

Mapambo ya juu, ya mistari, nayafanya na jirani yangu ambaye ni mchoraji wa hina, maharusi wengi mtaani kwetu wamepita mikononi mwake. Nilimuomba siku moja ajaribu kwasababu nilikuwa nimekaa namuangalia anavyokunja ile koni ya nailoni, anavyokata ncha na kuibana kwa vidole viwili, mkono hautetemeki hata kidogo, nikasema huyu huyu ndo wangu. Akachukua koni yenye chokoleti nyeupe iliyotempwa, akachora mstari wa kwanza, akasimama.

"Hii inakimbia mwenzangu. Hina inakusubiri, hii haikusubiri."

"Ndo maana nakuwekea kidogokidogo shoga, ikiganda nakupa nyingine."

Akanyamaza, akaendelea. Kwenye hina unaweza kuinua mkono ukafikiria, ule utepe unabaki mbichi muda mrefu, lakini chokoleti ya kwenye koni ndogo una dakika chache tu kabla ncha haijaziba, kwahiyo anapanga ua zima kichwani kabla hajagusa yai. Anaanza na nukta katikati, anaizungushia petali, anatoa mkono wa majani unaolizunguka yai na kurudi, na pale mwisho anaweka ile korosho yenye mkia uliopinda, ile ya kwenye kanga, ambayo kila mtu wa Pwani akiiona anaijua bila kuambiwa. Siku hizi tumefika mbali, kuna yai tunalipa mpangilio wa kanga nzima, pindo linazunguka pale nusu mbili zinapokutana, na hilo pindo linafunika ule mshono vizuri sana, mji, yani pale katikati, unakuwa na ua moja kubwa, na chini panaandikwa jina, "Pasaka njema" au chochote mteja anachotaka kumwambia mtu wake. Kuna mteja alitaka yaandikwe majina ya utani ya wanawe, mwingine aliagiza la mama mkwe, akafikiria maneno siku nzima.

Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 mwezi wa tatu na Ramadhani ilikuwa imeshaanza, kwahiyo mi nimefunga Kwaresma na yeye amefunga Ramadhani, tumekaa chumbani na AC, harufu ya chokoleti imejaa nyumba nzima na hakuna anayeonja. Waonjaji walikuwa watoto wake na wangu, wamepanga foleni mlangoni. Jioni akifuturu nampelekea vipande vilivyovunjika, na yeye analeta kaimati. Ile Pasaka naikumbuka kwa upendo.

Vijazo sasa. Hapa nina msimamo na kipenzi changu ni korosho. Pralini ya korosho inatengenezwa hivi: korosho za Mtwara au Lindi, zisizo na chumvi, unazioka nyuzi 160 mpaka zipate rangi ya dhahabu hata katikati, ikate moja uangalie. Sukari unaiyeyusha kavu kwenye sufuria mpaka iwe kahawia, unaimimina juu ya korosho kwenye trei, ikipoa inakuwa kama kashata, unaivunja na kuisaga kwenye blenda yenye nguvu. Kwanza itakuwa unga, usiongeze kitu, endelea, pumzisha mota isiungue, endelea, mafuta ya korosho yanaanza kutoka na unga unageuka kuwa uji mzito unaotiririka. Hapo unatia chokoleti ya maziwa iliyotempwa na chumvi kidogo sana. Sababu ya kuipenda sio ladha tu, ingawa ladha yake ni ya ajabu, laini kuliko ya karanga na ina utamu wa maziwa ndani yake. Ni kwamba hii haina maji. Kijazo kisicho na maji hakichachi kwa urahisi, na kwa joto letu hilo ni jambo kubwa, yai la pralini linakaa wiki kadhaa likiwa salama.

Ganashi, yani chokoleti iliyolainishwa kwa kitu cha majimaji kama tui au juisi, ni tofauti, ina maji, na lazima uwe mkweli kwa mteja. Ya tui natumia tui zito la kwanza, nalichemsha na iliki iliyopondwa, nachuja, namwagia juu ya chokoleti nyeusi iliyokatwa, tui sehemu moja kwa chokoleti mbili, nasubiri dakika mbili alafu nakoroga kuanzia katikati kwenda nje mpaka ing'ae. Isimiminwe kwenye ganda kabla haijashuka chini ya nyuzi 28, vinginevyo inaliyeyusha ganda kwa ndani na kazi yote ya kutempa imeenda. Hii nauza kwa maelekezo kwamba ikae frijini na iliwe ndani ya siku chache. Ya pasheni ni kwa chokoleti nyeupe, juisi inachemshwa ipungue nusu, uchachu wake unaikata ile sukari nyingi ya nyeupe, watoto wanaipenda mno.

Kila nusu ya yai inapakwa kijazo ndani kwa unene wa milimita chache, kinaachwa kishike usiku kucha, kinafunikwa kwa chokoleti nyembamba. Katikati panabaki uwazi, na humo natia vipande vya kashata ya nazi, au ubuyu wa Zanzibar uliofungwa kwenye kikaratasi chake ili rangi isichafue, mtoto akilitikisa yai lisikike. Kuunganisha nusu mbili ni haraka: trei ya chuma inapashwa moto kidogo, unagusisha kingo za nusu zote sekunde moja au mbili, unazikutanisha na kuzishikilia. Vaa glavu za pamba, vidole vyetu vina joto la kutosha kuacha alama.

Kusafirisha ndo kulikowafanya watu waniambie nitumie kompaundi, kwahiyo nieleze. Oda zinaondoka alfajiri ya Jumamosi kabla ya saa mbili. Kila yai liko kwenye boksi lake, boksi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mifuko inapangwa kwenye kisanduku cha barafu, na chupa za maji ya barafu zimeviringishwa taulo ziko pembeni, hazigusi boksi. Bodaboda ninayemtumia ni yuleyule kila mwaka, anajua mashimo ya njia zote kuanzia Kimara mpaka Kigamboni na anajua kwamba hasimami njiani kunywa chai. Mteja akipokea namtumia ujumbe: usifungue mfuko mpaka nusu saa ipite, weka sehemu kavu ya ubaridi isiyo karibu na jiko, kama nyumba ni ya joto sana rudisha kwenye kontena la kubana ndo uweke frijini. Mwaka jana mama mmoja wa Mbagala alinipigia Jumapili baada ya ibada, nasikia watoto nyuma wanapiga kelele, "Dada limefika zima, tena lina mlio, likipasuliwa linalia ka!" Nikamwambia ule mlio ndo ile fuwele ya tano, akacheka, akasema yeye anachojua ni kwamba wamegombania la korosho.

Chokoleti yangu nyeusi nanunua kwa watengenezaji wadogo wa hapahapa nchini wanaotumia kakao ya Kyela na ya Kilombero, ina harufu ya matunda ambayo za nje sijaikuta, lakini kwasababu hawaongezi siagi nyingi inakuwa nzito kwenye moldi, kwahiyo naongeza siagi ya kakao kidogo ili itiririke. Hiyo siagi bado nanunua ya kutoka nje. Mbegu inatoka kwa kina shangazi, inazunguka dunia, siagi yake inarudi kwangu kwenye pakiti ndogo ya bei ya juu. Kama unamjua mtu anayekamua siagi ya kakao hapa Tanzania na anauza hata kilo tano tano, nitafute, nitachukua kabla Kwaresma haijaanza.